Kuasi na kukaidi, tofauti iko wapi hasa?

mdadisi_tu: Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana tumebishana na mwenzangu mpaka basi. Tumeona kichwa cha habari "Wafanyakazi waasi agizo la bosi", kisa wamekataa kuingia kazini Jumamosi. Mimi nasema hapo ni wamekaidi, yeye anasema kuasi na kukaidi ni kitu kile kile. Na kama kuasi ni kugomea mkubwa mbona watu wanasema fulani ameasi ukapera, hapo kamgomea nani?

Kalamu Nyeusi: Sio kitu kimoja mkuu. Ukikaidi unagomea agizo lakini mwenye kuagiza bado ni mkubwa wako, mtoto anaambiwa akaoge hataki, huyo mkaidi tu, kesho ataambiwa tena. Ndio maana kila siku unasikia "amekaidi amri ya mahakama". Kuasi ni kuukata utii wenyewe, unatoka chini ya mtu. Wale askari wa Tanganyika Rifles Januari 1964 waliowakamata maofisa wao Waingereza pale kambi ya Colito, yale ni maasi, huwezi kuita ukaidi yakaeleweka. Na ukapera ndo hivyo hivyo, umeuhama, hurudi.

BintiSaidi: Naongezea kidogo. Kwa sisi Waislamu maasi ni madhambi, hata anayoyafanya mtu peke yake chumbani bila jeshi wala bunduki, na bado kesho anaswali na kutubu. Kwa hiyo ndugu Kalamu sio lazima uwe umejitoa kabisa. Kinacholipa neno uzito ni yule anayeasiwa, ni yule ambaye kutiiwa ni haki yake.

Mzee wa Hoja: Hapo dada umegusa penyewe kabisa. Maana ukisema "uasi wa Maji Maji" ushakubali kwamba mwaka 1905 Mjerumani alikuwa na haki ya kutiiwa kule kusini, wakati Wamatumbi walikuwa wanalimishwa pamba kwa nguvu kwenye ardhi yao wenyewe, sasa wamemuasi nani hapo? Ile ni vita, tuiite Vita vya Maji Maji. Inaniuma sana nikiona vijana wetu wanaandika uasi kwa sababu tu aliyeandika zamani alikuwa upande wa serikali ya mkoloni. Mkaidi anaweza kujiita mkaidi hata akajisifu, ila muasi mara nyingi ni jina unalopewa na yule unayepigana naye.

mdadisi_tu: Asanteni sana, nimeelewa. Kwa hiyo kile kichwa cha habari kingeandikwaje?

Kalamu Nyeusi: "Wafanyakazi wakaidi agizo la bosi" ni sawa. Ila kama wamekubaliana wote wasiingie, andika wamegoma, maana mkaidi anaweza kuwa mmoja tu na mgomo unataka watu. Na BintiSaidi nimekupata, hilo la dhambi sikulifikiria.