Rejista zikijaa, kompaila hutoa thamani ipi?

Swali

Ndugu wanajukwaa, ninaandika kwa lugha ya C utaratibu wa kuzidisha matriki mbili, A na B, za namba za desimali za biti 32, kwa prosesa yenye maagizo ya AVX2 (yanayoshughulikia namba kadhaa kwa mpigo). Kitanzi cha ndani kilikuwa kikishughulikia kipande cha matokeo chenye safu mlalo 6 kwa safu wima 16, na kasi yake iliridhisha. Nilikikuza kipande hicho hadi safu mlalo 8, nikitarajia kwamba kila thamani inayosomwa ingetumika mara nyingi zaidi, lakini kasi ilishuka. Nilipofungua asembli (maagizo ya prosesa) iliyotolewa na kompaila yangu, Clang, nilikuta katikati ya kitanzi mistari mingi ya kuandika na kusoma staki (eneo la muda la kumbukumbu) ambayo mimi sikuiandika. Je, kompaila huamuaje thamani ipi itolewe kwenye rejista (vihifadhi vichache vya ndani ya prosesa) na kupelekwa kumbukumbuni, na ninaweza kuizuia?

Jibu la kwanza

Anza na hesabu. AVX2 ina rejista 16 za vekta, na kila moja hubeba namba 8 za aina yako. Kipande cha 6 kwa 16 kinahitaji rejista 12 za jumla zinazokusanywa, 2 za safu ya B, na zinabaki 2 za kusambazia thamani za A. Kipande cha 8 kwa 16 kinamaliza rejista zote 16 kwa jumla peke yake, kabla B na A hazijapata mahali pa kukaa.

Kuhusu uamuzi wenyewe, mbinu iliyozoeleka ni ile ambayo Gregory Chaitin na wenzake wa IBM waliieleza mwaka 1981: kila thamani ni nukta ya grafu, thamani mbili zilizo hai (yaani bado zinahitajika) kwa wakati mmoja huunganishwa, kisha grafu hupakwa rangi zisizozidi idadi ya rejista. Rangi zisipotosha, hutolewa thamani ambayo gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na idadi ya majirani zake, na gharama hiyo ni idadi ya mara inapoandikwa na kusomwa, ambayo kwa desturi huzidishwa kwa 10 kwa kila tabaka la kitanzi. Mbinu hii hufaa pale ambapo kuna thamani iliyokaa tu bila kazi. Kwako hakuna: jumla zote 16 zinatumika sawasawa, katika tabaka lile lile.

Jibu la pili

Hesabu hiyo ni sahihi, ila Clang hutumia mfumo wa kompaila uitwao LLVM, ambao tangu toleo la 3.0 la mwaka 2011 una mgawaji wa rejista wa pupa (greedy), anayeweza kukata uhai wa thamani vipande ili ikae kwenye rejista ndani ya kitanzi na kumbukumbuni nje yake. Hapa ukataji huo haukuwa na pa kushika, kwa sababu kila mzunguko unazidai jumla zote.

Tofautisha pia kinachotolewa. Thamani isiyobadilika mara nyingi huundwa upya tu, na thamani ya B inaweza kusomwa na agizo la kuzidisha na kujumlisha moja kwa moja kutoka kumbukumbuni. Jumla ndiyo yenye hasara: matokeo yake hayana budi kuingia kwenye rejista, kisha yaandikwe kwenye staki, na mzunguko unaofuata uyasubiri yasomwe tena. Tafsiri programu yako kwa `-Rpass-missed=regalloc` ili uone idadi ya maandiko na masomo hayo katika kila kitanzi.

Jaribu 4 kwa 24: jumla 12, B 3, A 1. Rejista zinatosha kamili, na kila hatua ina masomo 7 badala ya 8 ya kipande chako cha awali.

Muulizaji

Nashukuru. Kwa 4 kwa 24, mistari ya staki imetoweka ndani ya kitanzi. Imebaki mwanzoni mwa kazi (function), ambako rejista `rbx` na `r12` zinasukumwa kwenye staki. Je, hizo nazo ni za kushughulikia?

Jibu la pili

Hapana. Hizo huhifadhiwa kwa sababu kanuni za uitaji kwenye Linux zinaitaka kazi inayoitwa izirudishe kama ilivyozikuta. Hulipwa mara moja kwa kila mwito, si kwa kila mzunguko.