Chuo kinataka tushirikiane kulinda Mto Mirongo, naomba ushauri

Wakuu, habari zenu, wakubwa shikamooni. Naishi Mabatini, Mwanza, jirani kabisa na Mto Mirongo. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanashuka na mchanga, chupa na uchafu wa vyoo vinavyofunguliwa makusudi (mnaujua mchezo huo), na vyote vinaishia Ziwa Victoria.

Sasa kuna chuo kinataka tushirikiane: wanafunzi wapime maji, sisi wa mtaani tutunze kingo na kuonyesha mitaro inayochafua. Mimi nimependa, ila wazee wana kinyongo. Watafiti waliwahi kuja, wakajaza vichupa vyao, wakatuhoji hadi jioni, majibu hatujayaona mpaka leo.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni mama zetu wenye bustani za mchicha na matembele kandokando ya mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tukisimama na chuo, si tutaonekana ndio tuliowaletea wa kuwafukuza? Kuna aliyewahi kupanda matete au mianzi kingoni bila kuua bustani za watu?

Halafu, tujisajili kama jumuiya ya watumia maji kupitia Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, au kikundi cha kawaida kinatosha? Na tuweke kipengele gani ili matokeo yasomwe kwanza kwenye mkutano wa mtaa, kwa Kiswahili? Mwenye nakala ya makubaliano ya namna hii anirushie tafadhali.