Nasomea usaidizi wa fiziotherapia Marekani, somo la tiba ya umeme limenikaba koo. Naomba ushauri

Binti_Pangani:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nipo Minnesota, mwaka wa pili wa kozi ya wasaidizi wa fiziotherapia. Anatomia nimeimudu, mazoezi ya viungo nayapenda, kumhamisha mgonjwa wa kiharusi kutoka kitandani kwenda kitini sina wasiwasi. Tatizo ni umeme. TENS (umeme wa kutuliza maumivu kupitia ngozi), NMES (umeme wa kukaza misuli), mkondo wa Kirusi (nao wa kukaza misuli), interferensho (mikondo miwili ya kutuliza maumivu), kila kimoja kina Hz zake (mapigo kwa sekunde) na mikrosekunde zake (muda wa kila pigo). Nakariri usiku, asubuhi vimechanganyika.

Mtihani wa vitendo unakaribia: unapewa maelezo ya mgonjwa, unaseti mashine na kubandika elektrodi (vibandiko vya kupitishia umeme) huku mwalimu amesimama pembeni anakuuliza kwa nini. Mliopita huku, mlisomaje? Na walimu wanatazama nini zaidi?

Mtu_wa_Magoti:
Pole dada. Mimi ni msaidizi mwenye leseni, nipo Texas. Namba ziache kwanza, jiulize unataka kuamsha neva zipi. Neva nene za mguso huamka mapema, kwa pigo fupi na nguvu ndogo. Za misuli zinataka pigo pana au nguvu zaidi. Nyembamba za maumivu huja mwisho. Huo mpangilio ukikuingia, namba zinajipanga zenyewe.

TENS ya kawaida unataka mguso tu: Hz 80 hadi 120, pigo la mikrosekunde 50 hadi 100, mgonjwa asikie msisimko mzito lakini msuli usicheze. Hiyo ndiyo nadharia ya lango ya watafiti Melzack na Wall ya 1965: taarifa za mguso zinazuia za maumivu zisipite kwenye uti wa mgongo. TENS ya masafa ya chini ni Hz 2 hadi 4, pigo pana, msuli unadunda, na mwili unatoa endofini, dawa yake yenyewe ya maumivu. Nafuu yake inachelewa kuanza ila inadumu zaidi. Interferensho ni mikondo miwili inayopishana, mfano Hz 4000 na 4100, na pale inapokutana mwili unapata tofauti yake, Hz 100. Ndiyo maana elektrodi nne zinakaa kimsalaba.

Fizio_wa_Moshi:
Mkuu hapo juu kaeleza vizuri. Mimi nasimamia wanafunzi wodini, niongeze la NMES kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama kwenye "kwa nini".

Ukikaza msuli mwenyewe, mwili huanza na nyuzi ndogo zisizochoka upesi, na nyuzi hupokezana zamu. Umeme haujui zamu. Unazipiga zilezile, kwa pamoja, zikiwemo kubwa zinazochoka haraka. Kwa hiyo kwa mgonjwa dhaifu unaanza na sekunde 10 za kukaza na 50 za kupumzika, kisha unapunguza mapumziko kadiri anavyopata nguvu. Hz 35 hadi 50 zinatosha kuukaza msuli bila kutetemeka, na umeme uongezeke taratibu kwa sekunde 2 hivi. Kumbuka pia NMES hupita kwenye neva. Neva iliyokatika, mashine hiyo haitaukaza msuli.

Elektrodi: ndogo hukusanya umeme mahali pamoja na kuchoma, zikikaribiana umeme unabaki juujuu, zikiachana unazama.

Walimu wanatazama usalama kwanza. Uliza kama ana pesimeka (kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo), damu iliyoganda mguuni, saratani eneo hilo, ujauzito. Usibandike mbele ya shingo. Pima hisia kwa ncha kali na butu, kagua ngozi kabla na baada. Hakikisha nguvu ipo sifuri kabla ya kubandika na kabla ya kubandua.

Dk_Mazoezi:
Nisikukatishe tamaa, lakini usiipende mashine kupita kiasi. Mwaka 2014 chama cha wafiziotherapia wa Marekani, APTA, kilisema wazi kwamba tiba anazopokea mgonjwa akiwa amelala tu zisitumike isipokuwa zinamsaidia kushiriki mazoezi. Ukiulizwa kwa nini unaweka TENS, jibu zuri ni: maumivu yapungue ili aweze kutembea leo.

Mtu_wa_Magoti:
Kweli, ila NMES usiiweke kapu hilohilo, Daktari. Mgonjwa aliyewekewa goti bandia, msuli wa mbele wa paja unagoma kukaza hata akijitahidi. Hapo umeme unafanya kazi, na mwambie akaze pamoja nao.

Binti_Pangani:
Mungu awabariki, jambo la zamu limenifungua macho. Swali moja: mpango wa mfiziotherapia unasema TENS kwenye nyayo, nampima mgonjwa mwenye kisukari nakuta ganzi kabisa. Nihamishie sehemu nyingine?

Fizio_wa_Moshi:
Hapana, mwanangu. Kuongeza au kupunguza nguvu ndani ya mpango ni kazi yako. Kuhamisha tiba au kuibadilisha ni uamuzi wa mfiziotherapia. Usibandike kwenye ganzi, mpigie, mweleze ulichokipima na wapi, na uandike kwenye faili kabla mgonjwa hajaondoka. Wakati unasubiri jibu, endelea na mazoezi mengine yaliyomo kwenye mpango. Kwenye mtihani sema hayo yote kwa sauti, mwalimu asikie unavyofikiri.

Binti_Pangani:
Asante sana baba. Jumamosi mwenzangu wa darasani atalala kitandani nimbandike elektrodi, nijizoeze kueleza kila hatua.