Silisyumu kwa maua ya kukata, inafaa kweli?

MamaMaua_Bagira
Jambo benzangu. Niko nalima helikonia na jerbera huku Bagira, Bukavu, nauzisha kwa watu wa ndoa na matanga. Helikonia inatoa maua mingi lakini shina teketeke, mvua kidogo tu imeshalala, na jerbera njo mbaya zaidi, siku ya tatu ndani ya maji shingo imeinama, kiliya ananirudishia. Muuzaji mmoja wa dawa ananiambia nimwangie silikati ya potasi, ni dawa yenye silisyumu, ile madini iko ndani ya mchanga, bei yake inauma. Iko mutu alishajaribu?

Kijana_wa_Himbi
Mama, inafaa, lakini si kwa kila ua. Helikonia ni jamaa ya ndizi na tangawizi, hizo zinavuta silisyumu kwa mizizi zinaipanga ndani ya kuta za seli, njo shina linakakamaa. Jerbera inavuta kidogo sana. Na udongo wenu mwekundu wa zamani mvua ilishaosha silisyumu mingi, sisi Goma tuko juu ya volkano changa, kwa hiyo wewe utaona tofauti kuliko mimi. Chunga tu, ile dawa ina pH karibu 11, ni alkali kali, ukiitia pamoja na mbolea ya nitrati ya kalsyumu inaganda na pompi inaziba. Na usizidishe, kule Oklahoma, Marekani, walijaribu kwa alizeti (2008), shina likanenepa kweli lakini kwa vipimo vingine mimea ikadumaa na maua yakaharibika sura.

Ruzizi_Mpunga
Mbona kununua?? Huku Luvungi maganda ya mpunga yanarundikana kando ya mashine. Majivu yake karibu yote ni silika, yenye ile silisyumu. Choma polepole, moto wa chini, ukichoma kwa moto mkali inageuka kristali ngumu, haiyeyuki vizuri na mizizi haiwezi kuila. Ila inafanya kazi polepole, usingoje wiki mbili.

DadaFlorist
Mimi napanga maua kwa sali za fete, dada, shingo ya jerbera sana sana ni microbe ndani ya maji inaziba shina. Osha ndoo na javeli, weka maji kidogo tu chini, shina lake lina manyoya linaoza mbio. Helikonia kata asubuhi ikishafunguka, maana ukishakata haifunguki tena, na usiitie kwa frigo.

MamaMaua_Bagira
Aksanti sana benzangu. Naagiza mifuko mbili ya maganda, nitaweka majivu kwa mistari miwili ya helikonia, miwili mingine naiacha hivyo nione tofauti. Jerbera naanza na ndoo leo hii.