Sindano, leza au vidonge kwa macho ya mama mwenye kisukari?

Binti_Lushoto: Wakuu, naomba ushauri. Mama ana kisukari mwaka wa 14 sasa. Kwa jicho la kulia, jina la kanga analiona limepinda. Daktari anasema retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, imevimba katikati, tuchague sindano ya Avastin au ya Eylea, na Eylea bei yake haishikiki. Jicho la kushoto ndiyo kwanza linaanza kuharibika. Jirani anasema kuna vidonge. Tufanyeje?

Muuguzi_Macho: Pole kwa kuuguza, dada. Dawa zote mbili zinazuia proteni inayofanya mishipa ivuje. Zililinganishwa Marekani, matokeo yakatoka 2015: kwa wanaoona vizuri bado, hazikupishana. Walioshuka hadi 6/15 (yaani herufi ambayo mwenye macho mazima huisoma akiwa mita 15, wao huisoma wakiwa mita 6) au chini zaidi, Eylea iliwainua zaidi mwaka wa kwanza. Lakini 2022 ukaja utafiti mwingine, wa hao hao walioshuka: wengine walianza na Avastin, asiyepata nafuu ya kutosha akahamishiwa Eylea. Baada ya miaka 2 wakawa sawa na walioanzia Eylea. Mimi ningeanza na Avastin bila wasiwasi.

Mdau_Tanga: Hivyo vidonge ni fenofibrati, dawa ya mafuta kwenye damu. Utafiti wa Scotland wa 2024 ulionyesha vinapunguza hatari ya ugonjwa kuzidi kwa asilimia 27, kwa watu ambao retina imeanza tu kudhurika. Uvimbe wa jicho la kulia usivitegemee. Kwa la kushoto ulizia, ila figo zipimwe kwanza.

Babu_Korogwe: Mwanangu, sindano yenyewe haitishi. Unawekewa matone ya ganzi, unahisi kama jicho linasukumwa, basi. Shida ni kurudi. Mimi ilikuwa mishipa mipya imeota. Nilichomwa tatu, nikaona vizuri, nikaacha kwenda kwa ajili ya nauli. Asubuhi moja nikaamka naona masizi yanaelea, kumbe damu imevujia ndani. Kwa mishipa ya namna ile, leza, ule mwanga wa kuchomea retina, hudumu. Sindano nguvu yake huisha. Ningejua, ningeomba leza mapema.

Muuguzi_Macho: Babu kasema kweli. Ila kwa uvimbe wa katikati kama wa mama, sindano inaishinda leza. Sukari na presha zisiachwe nyuma.

Binti_Lushoto: Shikamoo babu, asante. Leo mama kasoma 6/18. Tunaanza Avastin Jumanne. Ndugu tumegawana miezi ya kumsindikiza, mitatu ya mwanzo nimechukua mimi.