Naomba ushauri: nakshi za mikeka ya shangazi na akili unde

KijanaWaPate: Assalaam aleikum wanajukwaa. Shangazi yangu husuka mikeka ya ukindu huku Lamu, na nakshi zake zote ziko kichwani mwake. Nilizipiga picha nikazitia kwenye programu ya akili unde initolee nakshi mpya za kuuza mahotelini. Zilitoka za kupendeza, lakini shangazi kazikataa, asema hazisukiki: "Huu mwaa mwekundu umetoka wapi, na unakwenda wapi?" (Mwaa ni ule ukanda mmoja wa jani la kusukia.) Nifanyeje? Na je, nina haki ya kuzitia huko?

FundiKodi: Shangazi kagusa penyewe. Programu za picha hupanga rangi tu, haziufuati mwaa. Kwenye ukili, ule utepe uliosukwa ambao hushonwa kuwa mkeka, kila mwaa hukata mshazari, ukifika ukingoni hukunjwa ukarudi kwa mshazari wa pili, na rangi yake huenda nao. Wekundu hauwezi kuzuka katikati. Kwa hiyo anza na miyaa yenyewe: ni mingapi, ya rangi gani, imefuatanaje. Kila inapokutana, andika 1 kwa unaopita juu, 0 kwa unaopita chini. Kitanda cha mfumi cha Joseph-Marie Jacquard, Ufaransa 1804, kiliongozwa vivyo hivyo: kwa kadi, kila mahali pake pana tundu au hapana. Ukishapata jedwali hilo, iachie kompyuta ibadilishe mpangilio wa rangi na mapito. Kila itakachotoa kitafuata njia ya mwaa.

MsukajiSiyu: Mwanangu, kabla ya jedwali kaa chini usuke ukili wako mwenyewe mbele yake. Ukindu mkavu huvunjika pa kukunjia, sharti uloweshwe, na hilo kompyuta haitakwambia. Kisha muulize nakshi ipi ya kuuza na ipi ibaki nyumbani. Akisema hii hapana, basi hapana.

WakiliMvita: Kuhusu haki, Kenya ina sheria ya 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Ridhaa ya wenyewe hutangulia, na mwenyewe si shangazi peke yake, ni jamii inayozisuka. Soma pia masharti ya programu uliyotumia: baadhi hujipa ruhusa ya kutumia picha zako kuifunza mashine. Ukiweza kuzifuta, zifute leo.

KijanaWaPate: Ahsanteni sana. Picha nimezifuta, na ukili wa rangi mbili nimeuanza. Wakili, makubaliano niandikiane na shangazi au na kikundi chao cha akina mama?

WakiliMvita: Na kikundi. Mgao wa kila mkeka utajwe humo, na jina la msukaji liandikwe kwenye kila nakshi.