Kompyuta ya mezani haina HDMI: niiunganishe vipi na televisheni?

Mkaaji wa Ibanda, Bukavu
Ndugu zangu, nawasalimu. Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, Dell OptiPlex, ambayo nyuma yake ina tundu moja la VGA na mawili ya DisplayPort, lakini haina HDMI, yaani tundu la kupitishia picha na sauti kwa waya mmoja. Televisheni yetu nayo ina HDMI tu. Tungependa kutazama sebuleni filamu zilizohifadhiwa kwenye diski. Muuzaji mmoja pale Nyawera ananishauri ninunue kifaa cha kugeuza VGA kuwa HDMI, na jirani yake anasema nitumie DisplayPort. Nimfuate yupi, na sauti itatokea wapi?

Fundi wa Birere, Goma
Ndugu, mfuate huyo wa pili. VGA, ambayo IBM iliitoa mwaka 1987, hubeba picha peke yake, tena ya analojia (mawimbi ya umeme, si tarakimu); kwa hiyo kifaa cha kuigeuza hulazimika kuibadilisha picha iwe ya dijitali, huhitaji umeme ambao mara nyingi hupatikana kwa waya wa USB, na sauti hupitishwa kwa waya mwingine kutoka kwenye tundu la spika. Sisemi kwamba hakifanyi kazi, lakini ni nyaya nyingi za bure. DisplayPort hubeba picha na sauti kwa pamoja, na likiwa na alama za kujumlisha mbili kando ya herufi DP, tundu hilo huweza kutoa HDMI lenyewe, hata adapta ndogo ya bei nafuu ikatosha. Kabla ya kulipa, hakikisha adapta hiyo inatoka DisplayPort kwenda HDMI, kwa maana zipo za kinyume zinazofanana nayo kwa sura, na hizo hazitakusaidia.

Ukishaunganisha, chagua kwa rimoti HDMI uliyochomeka, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P ili uchague picha ionekane wapi. Sauti isipotoka, bofya alama ya spika kwenye kona ya chini ya skrini na uchague jina la televisheni.

Mama wa Kamalondo, Lubumbashi
Naongeza jambo moja ambalo mafundi hulipita haraka. Nyumba zetu nyingi hazina waya wa ardhi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, na kompyuta ya mezani isiyo na waya huo huwa na umeme kidogo kwenye bati lake; ndio ule unaokusisimua vidole ukiligusa. Umeme huo ukipita kwenye kebo wakati wa kuchomeka, unaweza kuunguza tundu la HDMI. Basi chomoa vyote viwili ukutani, pamoja na waya wa antena, unganisha kebo, ndipo urudishe umeme, ikiwezekana kwenye ralonji moja yenye stabilaiza.

Mkaaji wa Ibanda, Bukavu
Asanteni sana. Picha na sauti vimetoka kwa adapta ya DisplayPort, ila kingo za picha zimekatwa na mstari wa chini wa Windows hauonekani wote.

Fundi wa Birere, Goma
Hiyo ni televisheni inayoikuza picha kupita kioo chake, kama ilivyozoeleka kwa matangazo ya zamani. Usibadilishe kitu kwenye kompyuta. Ingia kwa rimoti kwenye mipangilio ya ukubwa wa picha, utafute chaguo la kuonyesha picha bila kuikuza; jina lake hutofautiana kwa kila kampuni, kwa hiyo jaribu moja baada ya jingine hadi mstari ule uonekane wote.